Kijana asiyeweza kusimama kwa mguu mmoja asipandishwe ulingoni

Mhariri,

Assalaam aleykum. Gazeti lako la wiki mbili zilizopita nimelibeba mfukoni mpaka limekatika kwenye mikunjo. Nilipewa na muuza kahawa wa hapa mwaloni Kibirizi, akaniambia, "Mwalimu, leo watu wa ngumi mmeandikwa." Nikafurahi, maana sisi wa huku Kigoma hatuandikwi mara nyingi. Nikakaa juu ya rundo la nyavu nikasoma mpaka mwisho, kisha nikarudia tena.

Habari ile ilimsifu bondia mmoja kijana wa mkoa wetu. Anaamka saa tisa usiku kukimbia. Mchana kutwa anabeba mizigo. Jioni anapiga begi, usiku anaruka kamba, halafu analala kwa muda wa saa nne tu. Hajapumzika hata siku moja tangu Idi. Mwandishi akamalizia kwa kusema huo ndio moyo wa bingwa.

Sina ugomvi na mwandishi, na yule kijana namwombea heri. Ninachogombana nacho ni ile sifa. Siku ya pili yake, vijana wangu watatu walikuja na gazeti hilo hilo, mmoja akaniuliza mbele ya wenzake, "Mzee, mbona wewe unatulaza?" Nilimjibu kwa kifupi, maana jua lilikuwa linazama. Jibu refu naomba nafasi nilitoe hapa.

Mimi ni fundi wa nyavu, mwaka wa 31 sasa. Nyumbani ni Ujiji, na baada ya sala ya alasiri ninafundisha ngumi chini ya miembe miwili nyuma ya nyumba ya marehemu kaka yangu. Nina vijana 17 na mabinti wanne. Tuna jozi tano za glovu. Begi mbili nilishona mwenyewe kwa turubai nikazijaza vipande vya nyavu chakavu, kwa sababu mchanga hushuka chini ukawa mgumu kama jiwe, ukaumiza vifundo vya mikono. Ulingo hatuna, tumechora mraba kwa majivu.

Wengi wa vijana hawa ni wapakiaji. Boti za Kongo na Burundi zikipakia saruji, wao ndio wanaoingia majini na mfuko begani, wanapanda ubao mwembamba unaocheza, wanatua, wanarudi. Mfuko mmoja ni kilo 50. Kijana aliyepakia mifuko 40 tangu asubuhi ameshainua tani mbili kabla hajanisalimia jioni. Amezipitisha juu ya ubao wenye utelezi, magoti yakitetemeka, kifundo cha mguu kikijirekebisha kila hatua ili asianguke. Hayo ni mazoezi. Mwalimu asiyeyahesabu hamjui kijana wake. Mimi jioni nauliza kwanza, "Leo umebeba nini?" Kama ni saruji, namfundisha namna ya kusogeza miguu kwa nusu saa, anyooshe viungo, aende akaoge na kula. Kama boti haikuja, siku hiyo tunafanya kazi kweli kweli. Habari yenu ilitaja ubebaji mizigo kama shida ambayo kijana yule anapambana nayo, lakini haikuuhesabu kuwa mzigo juu ya mwili ule ule unaotakiwa kupigana.

Niliyajifunza haya kwa kuumia. Mwaka 1991 nilikuwa na miaka 22, na nilikuwa napigana. Jumamosi moja, raundi ya pili, ngumi ya kulia ilinipata juu kidogo ya sikio la kushoto. Nikaanguka. Nikainuka refa alipofika nane, nikaendelea. Raundi ya tatu siikumbuki mpaka leo, ninachokijua ni kile nilichosimuliwa. Jumanne yake mwalimu wangu akanivalisha glovu nikapigane mazoezi na mtu mzito kuliko mimi. Alisema dawa ya moto ni moto. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa anarudia alichoambiwa na waliomtangulia, nami nikamwamini kama mzazi.

Wiki ya pili nilikuwa nimebeba gunia dogo tu la dagaa. Nikafika kwenye ubao, nikaona mbao ziko mbili. Nikakanyaga ule ambao haukuwepo. Nilianguka katikati ya boti na gogo la kufungia kamba, maji yakinifika kifuani, na sikujua juu ni wapi na chini ni wapi. Mtu aliyekulia ziwani, Mhariri, hapotezi juu na chini kwenye maji ya kifua. Walinivuta kwa shati. Nikaambiwa ni malaria. Nikanywa klorokwini, mwili ukawasha siku tatu, kizunguzungu kikabaki pale pale. Kilikaa miezi. Sikio la kushoto linalia hadi sasa ninapoandika, mlio mwembamba kama wa mbu aliye nje ya chandarua. Hakuna aliyeniuliza kama nilipigwa kichwani, na mimi sikusema, kwa sababu sikujua kwamba vitu hivyo viwili vina undugu.

Miaka mingi baadaye tabibu mmoja aliyekuwa akija kutazama mazoezi yetu ndiye aliyenieleza, akichora kwenye majivu kwa kijiti. Mwili unajua umesimama wima kwa njia tatu. Ya kwanza ni macho. Ya pili iko ndani ya sikio, kwenye vijifereji vyenye majimaji ambavyo hutoa habari kila kichwa kinapogeuka au kuinama. Ya tatu ni nyayo, vifundo, magoti, kiuno na misuli ya shingo, ambavyo kila wakati humwambia ubongo viko wapi. Ubongo hukusanya habari hizo tatu na kuamua. Mvuvi wa dagaa usiku wa giza hasaidiwi sana na macho, anasimama kwenye mtumbwi kwa sikio na nyayo. Ubongo ukitikiswa na ngumi, habari zinakuja lakini hazipangwi sawasawa. Na mtu akichoka sana, hata bila kupigwa, misuli ya kifundo na kiuno huchelewa kujibu, anaanza kuyumba bila mwenyewe kujua.

Kwa bondia hili ndilo jambo lenyewe. Ngumi haianzii begani. Inaanzia kwenye vidole vya mguu wa nyuma vinavyosukuma ardhi, inapanda kwenye nyonga, inazunguka na kiuno, ndipo itoke kwenye bega na mkono. Aliyepoteza miguu yake anasukuma tu, hapigi. Mbaya zaidi, hawezi kukwepa. Kidevu kinabaki pale kilipokuwa nusu sekunde iliyopita, na nusu sekunde ulingoni ni muda mrefu sana. Kwa hiyo mwalimu anayempeleka kijana aliyechoka kwenye pambano anampeleka mtu ambaye ukuta wake umeshabomoka.

Tabibu yule alinifundisha kipimo kimoja ambacho madaktari wa michezo hutumia, na hakihitaji chochote isipokuwa saa na mahali tambarare. Kijana anavua viatu, anaweka mikono kiunoni, anafumba macho. Sekunde 20 akiwa amebananisha miguu. Sekunde 20 kwa mguu mmoja, ule asioutumia kupigia mpira. Sekunde 20 mguu mmoja ukiwa mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole. Mimi nahesabu makosa: akifumbua macho, akiachia kiuno, akishusha mguu, akipepesuka. Nawapima wote wakiwa wazima na wamepumzika, naandika kwenye daftari, ili siku ya mashaka niwe na cha kulinganisha. Napima kabla ya mazoezi, kamwe si baada yake, kwa sababu aliyetoka kukimbia atayumba hata kama kichwa chake ni kizima. Daftari langu ni la mistari, la kurasa 96, limelowa mafuta ya mawese pembeni, lakini nalithamini kuliko glovu zote tano.

Ngoja nieleze mwaka jana kulitokea nini.

Nina kijana tunayemwita Kuhe, kwa vile ana kifua kipana kama samaki yule. Ana miaka 19. Kawaida yake kwenye daftari ni makosa matatu au manne kwa jumla. Alhamisi moja nilipima kikundi chote, kama ninavyofanya mara moja kwa mwezi. Kuhe alifanya makosa 11. Kwenye mguu mmoja hakumaliza sekunde tano. Akacheka, akasema upepo. Hapakuwa na upepo, majani ya mwembe yalikuwa yametulia. Nikamtoa pembeni nikamuuliza taratibu, kama baba na mwana. Ndipo akasema kwamba Jumapili alikwenda kupigana sehemu nyingine bila kunieleza, kwa sh. 30,000. Aliangushwa. Tangu hapo mwanga wa jua unamuumiza macho, usiku anashtuka, na Jumatano alimwita mdogo wake kwa jina la binamu yake.

Nilimwambia hatavaa glovu. Alikuwa na pambano siku tisa mbele, na aliahidiwa sh. 150,000. Usiku ule ule mama yake alikuja kwangu, amejifunga kanga, amekaa kwenye kigoda hata chai hakuigusa. "Mwalimu," akasema, "hiyo ni kodi yetu ya miezi mitatu." Mhariri, mimi nina nyumba ya urithi, silipi kodi. Nilijua kwamba ni rahisi kwangu kusema. Nilimjibu, "Mama, nikimpeleka naweza kukuletea hizo pesa bila yeye." Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza tuondoke saa ngapi kwenda hospitali.

Daktari alisema ni mtikisiko wa ubongo. Akatueleza jambo ambalo kila mzazi wa bondia anatakiwa alijue: ubongo ukipigwa tena kabla ya pigo la kwanza kupona, hasa kwa vijana, unaweza kuvimba ghafla na kuua. Hutokea kwa nadra, lakini ukishavimba hivyo ni vigumu sana kumwokoa mtu. Akatuambia pia dalili zisizosubiri asubuhi: kutapika mara kwa mara, maumivu ya kichwa yanayozidi, usingizi ambao mtu haamshiki, degedege, mkono au mguu kulegea, mboni ya jicho moja kuwa kubwa kuliko ya pili. Ukiona mojawapo, unakwenda hospitali usiku huo huo, hata kama ni kwa kumbeba.

Hakumwambia alale gizani mwezi mzima, kama tulivyodhani. Siku mbili za mwanzo apumzike, simu aiweke mbali, atembee taratibu tu nyumbani. Baada ya hapo apande ngazi kwa ngazi: kutembea kwa haraka, kukimbia kidogo, kuruka kamba na kusogeza miguu, kisha begi na pedi. Kila ngazi angalau siku nzima, na dalili zikirudi anashuka ngazi moja. Kupigana na mtu kunakuja mwisho, na si kabla daktari hajaandika. Siku ya 12 makosa yake yalirudi kuwa manne. Alifurahi, akaja na glovu mkononi. Sikumvalisha. Miguu inaweza kutulia kabla kichwa hakijapona. Kipimo changu kina uwezo wa kumzuia mtu, hakina uwezo wa kumruhusu.

Ilibaki shida ya chakula. Mtu mwenye kizunguzungu hawezi kupanda ubao na saruji, nami nililijua hilo kuliko yeyote. Nikampa sindano ya nyavu. Alikaa karibu yangu wiki tano akiziba matundu, mwanzoni vidole vyake vinene vikikata uzi, baadaye akawa anafunga fundo zuri kabisa. Nilimlipa nilichoweza, wenzake wa upakiaji wakachanga kilichobaki. Alirudi ulingoni baada ya zaidi ya miezi miwili. Aliyeandaa pambano lile alinipigia simu akasema nimemharibia shughuli na mabango yalishachapwa.

Nimelifikiria sana neno hilo la mabango. Ng'ambo ya ziwa hili ni Kongo, na wazee wetu hapa Ujiji bado wanasimulia usiku wa Kinshasa, Muhammad Ali na George Foreman, mwaka 1974. Watu wanakumbuka raundi ya nane, Ali alipomwangusha Foreman. Wachache wanakumbuka kwamba pambano lile lilipangwa tarehe 25 Septemba. Foreman alichanika juu ya jicho akiwa mazoezini, na shughuli nzima ikasogezwa hadi tarehe 30 Oktoba. Serikali ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilikuwa imemwaga mamilioni ya dola, waandishi wa dunia nzima walikuwa wameshafika, mabango yalishachapwa. Wakasubiri wiki tano kwa ajili ya ngozi iliyochanika. Sisi hapa tunashindwa kusubiri kwa ajili ya ubongo wa mtoto wa mpangaji.

Najua wapo watakaosema mwalimu huyu analea vijana legelege. Hapana. Siku ya kazi wanafanya kazi mpaka majivu ya mraba yanafutika. Naipenda ngumi. Najua kwamba nchi hii ilipata medali ya fedha ya Titus Simba kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1970 na dhahabu ya Michael Yombayomba kule Kuala Lumpur mwaka 1998, na kwamba mwaka 2022 kule Birmingham Yusuf Changalawe na Kassim Mbundwike walirudi na shaba. Ninataka mtoto wa Ujiji naye aitwe siku moja. Hatafika akiwa na ubongo uliotikiswa mara nne kabla hajafikisha miaka 20.

Mwaka 2024 Serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane na kukua. Nilikuwa miongoni mwa walionung'unika, maana mvuvi asipoingia ziwani na mimi mfuko wangu unapungua. Lakini hata kabla ya amri hiyo sisi wa dagaa tumekuwa na mapumziko yetu tangu enzi za mababu. Mbalamwezi ikiwa pevu, taa hazivuti dagaa, mitumbwi inapandishwa mchangani. Hakuna anayemwita mvuvi mvivu siku hizo. Ndipo nyavu zinaposhonwa, mbao zinazibwa kwa pamba na mafuta, watu wanalala. Giza likirudi, wanaingia ziwani na chombo kizima. Wavu usioshonwa hupoteza samaki usiku wa kwanza tu.

Mwili nao unashonwa ukiwa umelala. Begi na saruji huchana nyuzi ndogo ndogo za misuli, ndiyo maana maumivu huwa makali zaidi siku ya pili na ya tatu kuliko siku yenyewe. Zinaungwa upya, imara zaidi, mtu akila na akilala. Usingizi mzito ndio wakati ambao mwili humimina homoni ya kukuza na kukarabati. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa nane hadi kumi za usingizi kila usiku. Kijana wa saa nne anavunja kila siku nyumba ambayo hajawahi kuijenga. Mimi nawafundisha wahesabu mapigo ya moyo asubuhi kabla hawajanyanyuka kitandani, dakika nzima. Kila mtu anajua kawaida yake. Yakiwa juu kuliko kawaida siku mbili tatu mfululizo, na mtu hana homa, ananiambia, na jioni hiyo anakaa nami kwenye mkeka kushika saa ya wenzake. Binti mmoja ndiye hodari kuliko wote kwa hilo. Amenizuia mara mbili nisimzidishie, na mara zote mbili alikuwa na haki.

Ramadhani tunapunguza zaidi. Hatupigani kabisa kabla ya kufuturu, tunafanya miguu na kunyoosha viungo tu, baada ya tarawehe kwa wanaoweza. Ugali wa muhogo, dagaa, maharage na maji ya kutosha ndiyo dawa zetu za kuongeza nguvu, nyingine hatuna na hatuzitafuti.

Hapo hapo niseme habari ya kukata uzito, kwa kuwa inanikasirisha. Niliwahi kuombwa mmoja wa mabinti zangu ashuke kilo nne kwa siku tatu ili pambano likamilike. Nikauliza kwa njia gani. Nikaambiwa avae mifuko ya nailoni akimbie juani, na maji asiguse. Mwaka 1997 kule Marekani wanamieleka watatu wa vyuo walikufa ndani ya wiki chache kwa kujikausha namna hiyo, wakifanya mazoezi kwenye joto na mavazi yasiyopitisha hewa, na kanuni zao zikabadilishwa. Hao walikuwa na walimu wasomi na hospitali karibu. Aliyekauka maji hana miguu, damu yake imepungua, moyo unahangaika, na ndiye anayepelekwa kupigwa kichwani kesho yake. Nilikataa. Binti alilia, maana alishamwambia bibi yake atapigana. Alipigana miezi mitano baadaye kwenye uzito wake, akashindwa kwa pointi, akarudi nyumbani akiwa mzima na akakila chakula chote cha bibi yake.

Ninachoomba, Mhariri, hakihitaji fedha nyingi. Wanaoandaa mapambano ya mitaani hapa Kigoma, Kasulu, Kibondo na hata kwa jirani zetu Tabora, wasimpandishe mtu ambaye mwalimu wake hajui mara ya mwisho aliangushwa lini. Kanuni za ngumi za ridhaa duniani zimekuwa zikimweka kando aliyeangushwa kwa pigo la kichwa kwa siku zisizopungua 30, na zaidi akiangushwa tena. Kanuni hiyo haina nguvu pale ambapo kijana anaangushwa Jumapili mji mmoja na Jumamosi inayofuata anapigana mji wa pili kwa jina la utani. Kila bondia awe na daftari lake dogo, linaloandikwa na refa kila anapopigana, na asiye nalo asipande. Pembeni mwa ulingo akae mtu wa afya, mwenye mamlaka ya kusimamisha pambano bila kumwomba promota ruhusa. Kabla ya kupima uzito, watu wapimwe miguu. Ni dakika moja na nusu kwa kila mtu.

Na nyinyi wa magazeti mna sehemu yenu. Mkimhoji bondia, muulizeni alipumzika lini mara ya mwisho, na mwandike jibu lake kwa herufi kubwa zile zile mnazoandikia ushindi. Vijana wangu wanawasoma nyinyi kuliko wanavyonisikiliza mimi.

Wazazi wao nimeanza nao mwenyewe. Kila mwanzo wa mwezi nawaita akina mama na akina baba wachache wanaokuja, nawaonyesha daftari, nawafundisha zile dalili za hatari. Mama Kuhe sasa ndiye anayewaeleza wenzake, kwa maneno makali kuliko yangu.

Jina langu unalo kwenye bahasha. Naomba usilichape, kwa sababu ya kijana niliyemsimulia na mama yake, watu wa mtaa wataunganisha.

Yule kijana mliyemwandika, kama anasoma barua hii, aje Ujiji jioni yoyote isipokuwa Ijumaa na Jumapili, siku ambazo hatufanyi mazoezi. Akifika sokoni aulize miembe ya fundi wa nyavu, mtoto yeyote atamleta. Glovu aziache nyumbani. Nitamwomba avue viatu, aweke mikono kiunoni, afumbe macho, nami nitashika saa.

Fundi wa nyavu na mwalimu wa ngumi,
Ujiji, Kigoma